Glezi Si Rangi: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

"Glezi ni rangi ya kung'arisha vyombo." Dhana hii ndiyo mama wa nyingine zote. Rangi hupakwa ikakauka; glezi hupakwa ikayeyuka. Ni kioo kilichoyeyukia juu ya udongo ndani ya tanuri na kushikamana nao. Msingi wake ni silika, ileile ya mchanga mweupe, lakini silika peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 1,700 na zaidi za Selsiasi, na chombo huwa kimelegea na kuporomoka kabla ya kufika huko. Ndiyo maana huongezwa kiyeyushi: soda, potasi, chokaa au boroni. Kikizidi, kioo hutiririka kama asali na kukigandisha chombo kwenye rafu ya tanuri. Alumina, inayopatikana kwenye udongo mweupe wa kaolini, hukifanya kioo kiwe kizito kikatulia mahali pake.

"Rangi ya kwenye ndoo ndiyo itakayotoka tanurini." La hasha. Chovya bakuli kwenye glezi yenye oksidi ya chuma: maji hufyonzwa papo hapo na kubaki vumbi la rangi ya kutu, linalofutika kwa kidole. Likichomwa kwenye moto ulionyimwa hewa, asilimia 1 au 2 ya chuma hutoa kijani laini kiitwacho seladoni. Panda hadi 8 au 10, upate hudhurungi inayokaribia weusi. Shaba nayo ni kijani hewa ikiwapo. Hewa ikipungua, huweza kuwa nyekundu kama damu. Kwangu mimi hakuna lililo zuri kuliko hili katika ufinyanzi wote: madini ni yaleyale, moto ndio unaoamua.

Wapo wanaoamini kuwa glezi lazima ichovywe au ipakwe kwa brashi. Glezi ya chumvi haipakwi kabisa. Chumvi hutupwa ndani ya tanuri lililoiva, mvuke wa sodiamu ukakutana na silika ya udongo wenyewe, na chombo kikatoka na ngozi yenye vipele kama ganda la chungwa.

"Isiyong'aa haijaiva." Huenda ni kweli, huenda si kweli. Glezi isiyoiva hukwaruza kidole na hushika uchafu. Ile iliyotengenezwa iwe ya kufifia imeyeyuka sawasawa. Kinachoizuia kung'aa ni fuwele ndogo sana zilizoota ilipokuwa ikipoa, au wingi wa alumina.

"Chombo chenye glezi hakivuji." Udongo uliochomwa kwenye nyuzi 1,000 hivi hubaki na vinyweleo, na glezi yake ikiwa na nyufa, maji yatapenya tu. Nyufa hizo nyembamba kama utando wa buibui huja pale glezi inaposinyaa kuliko udongo wakati wa kupoa. Utazisikia zikilia ting, ting chombo kikiwa bado na uvuguvugu. Kuongeza unene wa glezi huzidisha tatizo. Dawa yake mara nyingi ni kuongeza silika kwenye mchanganyiko.

Dhana ninayoiogopa zaidi ni hii: "Imepita kwenye moto, basi ni salama kwa chakula." Risasi, metali yenye sumu, ilitumika kwa karne nyingi kwa sababu huyeyusha glezi kwa joto dogo na kuipa mng'ao mzuri. Moto hauiondoi. Ndimu, siki na nyanya huichomoa polepole ikaingia kwenye chakula, na shaba ikichanganywa humo hali huwa mbaya zaidi. Hata glezi isiyo na risasi huweza kuachia shaba ikiwa kioo chake ni dhaifu. Weka kipande cha ndimu juu ya sahani usiku kucha; asubuhi ukikuta doa lililopauka, usiilie chakula. Lakini kutokuwepo kwa doa si cheti, kwa maana risasi hutoka bila kuacha alama. Hiyo hugunduliwa kwa kipimo cha maabara, na bakuli la zamani usilojua lilichanganywaje, hata liwe zuri namna gani, libaki pambo la rafuni hadi lipimwe.