Kwa nini damu haigandi mshipani, ila huganda ukijikata?

Ukienda kupima damu, mara nyingine huwekwa kwenye vichupa viwili. Ile ya kifuniko chekundu huganda baada ya muda mfupi. Ya kifuniko cha zambarau hubaki majimaji. Damu imetoka mkono uleule. Tofauti ni dawa iliyomo kwenye kichupa cha zambarau, ambayo hunasa kalsiamu yote. Pasipo kalsiamu, protini za kugandisha damu hazishikani.

Nyingi za protini hizo, ziitwazo faktari, hutengenezwa na ini na kuzunguka mwilini zikiwa zimelala, kila moja kama kisu kilichomo alani. Haijichomoi yenyewe. Sharti nyingine iliyokwisha kuamka iikate mahali maalumu, ndipo makali yake yatokeze, nayo ikaikate inayofuata.

Ukijikata kidole, damu hukutana na seli za nje ya mshipa zenye protini iitwayo faktari ya tishu. Faktari ya 7 huishika, na kwa pamoja huamsha ya 9 na ya 10. Ya 10 nayo huikata ya 2, yaani prothrombini, ikawa thrombini.

Kinachonishangaza zaidi ni mahali kazi hii inapofanyika: si ndani ya damu inayotiririka, bali juu ya chembe sahani, yaani vipande vidogo vya seli vya damuni, zilizonasa jerahani. Zikiamka, hutoa nje mafuta ya utando wake yenye chaji hasi. Faktari za 2, 7, 9 na 10 zina miguu yenye chaji hasi pia, na kalsiamu, yenye chaji chanya, hukaa katikati ikaziunganisha. Miguu hiyo huundwa ini likiwa na vitamini K, ndiyo sababu watoto wachanga, wanaozaliwa na akiba ndogo ya vitamini hiyo, hudungwa sindano yake.

Juu ya utando huo faktari ya 10 hukutana na ya 5. Ya 5 haikati chochote. Huishika tu mwenzake na kuiweka sawa. Hata hivyo, zikiwa pamoja hapo hutengeneza thrombini kwa kasi takriban mara 300,000 kuliko ya 10 peke yake.

Thrombini ya mwanzo huwa kidogo mno. Lakini hurudi nyuma kuamsha faktari ya 5, ya 8 na ya 11. Ya 8 huishika ya 9, na jozi hiyo humimina faktari ya 10 kwa wingi. Mwenye hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda ipasavyo, hukosa ya 8 au ya 9: damu yake huanza safari ya kuganda, ila haifiki kwenye mmimino huo.

Thrombini ikishajaa hukata fibrinojeni, protini iliyoyeyuka damuni, zikatoka nyuzi za fibrini zinazosukana kama wavu, na faktari ya 13 huzikaza mafundo.

Na thrombini ikisombwa hadi kwenye ukuta wa mshipa usiojeruhiwa? Huko hunaswa na protini nyingine, thrombomodulini, inayoibadilisha kazi. Haigandishi tena, huamsha protini C, ambayo huzikatakata faktari za 5 na 8, na damu ya mbele ikaendelea kutiririka.