Kabla ya programu, jua kazi yako imekaa wapi

Kijana anayemaliza kidato cha sita leo amekua na simu janja mkononi. Anahariri video, anatuma pesa, anaomba mkopo wa elimu ya juu mtandaoni bila kushikwa mkono. Halafu anafika chuo, mhadhiri anasema, "Kazi iwe PDF, isizidi MB 5, ipakieni kwenye mfumo kabla ya saa sita usiku," na kijana anakwama. Hakwami kwa uzito wa kichwa. Simu ilimfichia jambo moja ambalo kompyuta inamtaka alijue, nalo ni mahali kazi yake ilipokaa.

Ninatengeneza kompyuta na kufundisha matumizi yake hapa Tanga. Kila vyuo vinapokaribia kufunguliwa, wazazi huja na laptopu wakiomba nimwekee mtoto "programu zote za chuo". Kuweka programu ni kazi ya saa chache. Ninachotamani wangeniomba ni kukaa na mtoto nimweleze faili, maana machozi mengi ya muhula wa kwanza hutoka hapo.

Kwenye simu, mtu akikutumia notisi kwa WhatsApp unazigusa zinafunguka, basi. Hujawahi kuuliza zimehifadhiwa wapi. Kwenye kompyuta kila kazi ni faili lenye jina, faili liko ndani ya folda, na folda huenda iko ndani ya folda nyingine. Mtu wa Tanga halioni hili kuwa geni. Ukimwambia mgeni nyumba yako iko Ngamiani, bado hujamwelekeza. Mpaka umwambie ni barabara ya ngapi, kisha nyumba ipi. Anwani ya faili inasomeka hivyo hivyo, kutoka eneo kubwa kwenda dogo: D:\Chuo\Mwaka1\Uchumi\insha.docx. Diski, folda, folda, folda, kisha faili lenyewe. Ukiweza kusoma mstari huo, umeshapita kikwazo kikubwa.

Kwa hiyo siku ya kwanza fungua folda ya chuo, ndani yake folda ya kila somo, na kila unachopakua kihamishie huko. Usiviache vyote kwenye folda ya vilivyopakuliwa (Downloads), ambako baada ya mwezi utakuta mafaili lukuki yenye majina ya namba tupu. Na unapoliwekea faili jina, anza na tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, mfano 2025-11-03-insha-uchumi. Kompyuta itayapanga yenyewe kwa kufuatana. Majina kama "insha mpya ya mwisho kabisa" yatakuchanganya usiku wa kukabidhi kazi.

Sasa, kuhifadhi. Kompyuta ina kumbukumbu za aina mbili, zote hupimwa kwa GB, na wauzaji wengi huzichanganya. Ya kwanza ni RAM, ambamo kazi hukaa wakati unaifanya. Umeme ukikatika na betri imekufa, kilichokuwa humo kimeondoka. Ya pili ni diski, inayotunza hata mashine ikizimwa. Kubonyeza Ctrl pamoja na S ni kuihamisha kazi kutoka ya kwanza kwenda ya pili. Word hujiwekea nakala ya dharura, kwa kawaida kila dakika 10, lakini dakika 10 za mtihani wa nyumbani ni aya nzima. Tena kile kitufe cha kujihifadhi chenyewe (AutoSave) kilicho juu ya dirisha la Word hufanya kazi pale tu faili linapokuwa kwenye hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, kama OneDrive. Wengi hukiona wakadhani wamelindwa.

Hapo ndipo ninapowasihi wazazi wanaonunua. Laptopu yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD ya GB 256 itamsaidia mwanao kuliko yenye RAM ya GB 4 na diski ya zamani ya kuzunguka ya GB 1000, hata kama namba ya pili inavutia zaidi. SSD haina kitu kinachozunguka ndani, inawaka haraka na inavumilia mitikisiko ya safari. Na ukinunua diski ya GB 500, Windows ikakuonyesha kama 465, hujaibiwa: kiwanda huhesabu kwa 1000, Windows kwa 1024. Kwa mashine zilizotumika, uliza kama inapokea Windows 11, kwa sababu Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, za Intel, zinazokubalika rasmi ni takriban kuanzia kizazi cha 8.

Wingu nalo halipo angani. Ni kompyuta za kampuni, mahali pengine duniani, zinazokutunzia mafaili kupitia intaneti. Google hutoa GB 15 bure, lakini ukumbuke hizo ni za barua pepe, picha na mafaili kwa pamoja. Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba kulandanisha, yaani kuyafanya mafaili ya laptopu na ya winguni yafanane muda wote, si kuweka akiba. Ukilifuta faili kwenye laptopu iliyolandanishwa, linafutika na kule winguni, na kwenye simu pia. Utabaki na pipa la taka, nalo husafishwa baada ya muda. Kazi ya utafiti iwe na nakala tatu: laptopu, winguni, na flashi au diski ya nje inayokaa mbali na begi la laptopu. Mwizi akichukua begi asichukue shahada yako.

Nikitaja flashi lazima niseme kuhusu stesheneri. Flashi moja hupita kwenye kompyuta ambayo imeshapokea flashi za watu wengi siku hiyo, na virusi hupenda sana njia hiyo. Dalili inayoletwa kwangu mara nyingi ni folda zote kugeuka kuwa vialama vidogo vyenye mshale. Mwanafunzi anashtuka, anaifomati flashi, yaani anaifuta yote, na hapo ndipo anapoipoteza kazi kweli. Usifomati! Kwa kawaida mafaili bado yamo, yamefichwa tu, na kile chenye mshale ndicho kinachoamsha virusi ukikibonyeza. Mpelekee mtu anayejua asafishe kwanza kisha ayafichue. Mimi hupendekeza kazi ya kuprinti itumwe stesheneri kwa barua pepe, na ukitumia kompyuta yao, utoke kwenye akaunti kabla hujainuka kitini.

Tena uipeleke ikiwa PDF. Herufi zinazofuata nukta mwishoni mwa jina la faili ndizo zinazoiambia kompyuta ni faili la aina gani: docx ni la Word tangu toleo la 2007, xlsx ni la Excel, pptx ni la slaidi. Faili la Word likifunguliwa kwenye mashine yenye toleo jingine au isiyo na fonti uliyotumia, mistari husogea, jedwali hukatika, ukurasa wa 12 unakuwa wa 13. PDF, iliyoanzishwa na Adobe mwaka 1993 na kufanywa kiwango cha kimataifa mwaka 2008, hubeba ukurasa kama ulivyo. Lakini huipati kwa kubadilisha jina kutoka docx kuwa pdf. Hapo umebadili kibandiko tu, na mfumo wa chuo utapokea faili lisilofunguka. Nenda kwenye kuhifadhi kama (Save As), uchague PDF. Kwa kuwa Windows huzificha herufi hizo, ziwashe zionekane. Faili liitwalo notisi.pdf.exe si notisi, ni programu, na halina heri nawe.

Kuhusu programu zenyewe nitapita upesi. Ya kuandikia, ya majedwali na ya slaidi zinakutosha mwaka wa kwanza. Uliza kwanza kama chuo kinakupa leseni. Kama hakikupi, LibreOffice ni programu huria, haina malipo na inafungua mafaili ya Word. Ni ndugu wa OpenOffice, ambayo mwaka 2004 mradi uliohusisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitoa kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice, jambo ninaloona fahari kulitaja. Programu iliyovunjwa kufuli usiiweke. Kifunguo chake mara nyingi ndicho chenye virusi, na maelekezo yake huanza kwa kukuomba uzime kinga. SPSS na nyinginezo za takwimu zisubiri mpaka idara iseme inatumia ipi. Zotero, ya kupanga marejeo, ianze mapema, tangu insha ya kwanza.

Mfumo wa kupakia kazi, ambao katika vyuo vingi ni Moodle, hauna huruma na muda. Usiufungue dakika tano kabla. Na usichanganye kasi na bando: bando huhesabiwa kwa baiti, kasi kwa biti, na biti 8 ndizo baiti moja. Mtandao wa megabiti 8 kwa sekunde hukupa megabaiti 1 tu kwa sekunde, siku ambayo hakuna msongamano. Kuhusu Turnitin, mfumo ambao vyuo hutumia kulinganisha kazi yako na maandishi mengine, asilimia inayotoa ni ya maandishi yanayofanana na ya wengine, zikiwemo nukuu ulizozitaja vizuri. Mhadhiri ndiye anayeamua kama umenakili.

Mwisho ni akaunti zako. Tovuti za vyuo vyetu huishia na .ac.tz na za serikali .go.tz, ujumbe wa mkopo au udahili unaokupeleka kwingine na kukuomba neno la siri, uache. Barua pepe ya chuo iwe na neno la siri lake peke yake, refu, usilolitumia kwingine. Zile tarakimu zinazokuja kwa simu kuthibitisha ni wewe, hata anayejiita wa ofisi ya chuo usimtajie. Na ukibadili laini, ingia kwanza kwenye kila akaunti uweke namba mpya, ndipo uiache ya zamani.