Meli za mvuke Zambezi na Shire: yanayosemwa na yaliyotokea

Dhana: Injini ya mvuke ilimrahisishia Mzungu safari ya bara.

Itazame Ma Robert, meli ya mpelelezi Mskoti David Livingstone iliyoungwa mwaka 1858 kwenye mlango wa Zambezi. Mabamba yake ya chuma yalikuwa na unene wa milimita 1.6 hivi. Wepesi ulipatikana, lakini kutu ilipoanza kuyala, matundu yalitokea upesi na ngama, yaani sehemu ya chini ndani ya meli, ikawa inajaa maji. Tanuri nalo lilikula kuni nyingi na kutoa mvuke haba: moto uliwashwa usiku wa manane ili meli ing'oe nanga asubuhi, na bado mitumbwi iliyosheheni iliipita. Tena kuni hizo zilikuwa miti migumu kama mpingo, ambao kuukata kwa shoka ni kazi ya kutoa jasho. Desemba 1860 ilizama kwenye fungu la mchanga karibu na Sena.

Dhana: Penye mto, meli hupita.

Kinachoamua ni kina. Pioneer, meli ya Livingstone iliyofika mwaka 1861, ilihitaji maji ya futi 5, na Shire, mto unaotoka Ziwa Nyasa na kuingia Zambezi, ina mafungu mengi yasiyofikia hapo. Ikipwelewa, nanga ilipakiwa mashuani, ikapelekwa mbele na kutoswa, kisha mabaharia wakazungusha duara, mtambo wa kukunja kamba ya nanga, mpaka meli iburutike hatua chache. Halafu wanaanza upya. Kwenye maporomoko ya Cahora Bassa, mtoni Zambezi, hata mbinu hiyo isingefaa kitu.

Dhana: Ilala ilipanda mto mpaka Ziwa Nyasa.

Meli hiyo ya wamisionari wa Kiskoti ilipandishwa na watu. Mwaka 1875 ilifunguliwa vipande chini ya maporomoko ya Murchison ya mto Shire, yale yale yanayofua umeme wa Malawi leo, na wapagazi wapatao 800 wakaibeba mpaka juu, ikaungwa tena. Wanaomtaja nahodha peke yake wanawadhulumu watu hao.

Dhana: Meli ndizo zilizoleta biashara ziwani.

Livingstone alipofika ziwani mwaka 1861 alikuta jahazi la wafanyabiashara wa pwani likivusha watumwa. Kutoka Nkhotakota, kwa Jumbe, mtawala wa huko mwenye asili ya pwani, watumwa na pembe za ndovu walivushwa hadi ng'ambo ya mashariki, kisha wakashika njia ya Kilwa kwa miguu. African Lakes Company, kampuni ya Waskoti yenye meli iliyoanzishwa mwaka 1878, iliingia kugombania pembe ambazo tayari zilikuwa na wanunuzi, njia na bei.