Mama anayetaja maneno yote na bado ni mgonjwa

“Daktari, nyanya alikuwa hivi, sasa ni mama. Mimi nitafuata?” Swali hili hunijia kutoka kwa mabinti, mara chache sana kutoka kwa wavulana, na aghalabu huulizwa mlangoni kwa sauti ya chini, mama mwenyewe akiwa ametangulia nje. Kazi yangu hapa Kisumu ni kupima kumbukumbu za wazee. Wanatoka Nyakach, Vihiga, Busia, wengine hadi Migori. Mlangoni hakuna nafasi ya kujibu vizuri, kwa hiyo najibu hapa.

Ugonjwa wa Alzheimer, ule wa ubongo unaoleta usahaulifu uzeeni, haufuati upande wa mama. Ipo aina adimu, chini ya mgonjwa 1 kati ya 100, inayotokana na hitilafu kwenye jeni (maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi) moja kati ya tatu: APP, PSEN1 au PSEN2. Hiyo huanza kabla ya miaka 65, pengine mtu akiwa na 40 tu, na kila mtoto wa mwenye hitilafu hiyo, awe wa kiume au wa kike, ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi. Ugonjwa tunaouona kwa wazee wetu hauendi hivyo. Jeni inayohusika zaidi huko ni APOE, nayo iko kwenye kromosomu (uzi unaobeba jeni) ya 19, mbali na zile kromosomu za jinsia. Hutengeneza protini inayobeba mafuta, kolesteroli ikiwemo, ndani ya ubongo. Ina aina tatu, e2, e3 na e4, na kila mmoja wetu alipewa nakala moja na baba na nyingine na mama. Mwaka 1993 kundi la Allen Roses katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, lilionyesha kwamba e4 huongeza hatari, na nakala mbili huongeza zaidi ya moja. Hata hivyo wako wenye e4 wanaofika miaka 90 na akili zao timamu, na wako wagonjwa wengi wasio na e4 hata moja.

Sasa, kaka na dada wanaweza kurithi e4 ileile na ikawatenda tofauti. Mwaka 2017 watafiti walikusanya takwimu za watu wapatao 58,000. Kati ya miaka 55 na 85, wanawake na wanaume wenye e3 moja na e4 moja walikuwa na hatari inayokaribiana. Lakini walipotazama miaka 65 hadi 75 peke yake, wanawake walikuwa juu. Wengi wanashuku kukoma hedhi, kwa kuwa estrojeni, homoni ya kike, husaidia ubongo kutumia sukari, na inapopungua, ubongo wenye e4 huenda ukaumia zaidi. Mimi naiona dhana hiyo ina uzito, ila bado ni dhana.

Waliopimwa katika utafiti huo wa 2017 walikuwa watu wenye asili ya Ulaya. Ndiyo maana siwahimizi mabinti wa Kisumu kulipia kipimo cha jeni kinachotumwa ng’ambo. Utafiti uliolinganisha Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani Weusi wa Indianapolis ulikuta wagonjwa wapya wa Alzheimer kwa asilimia 1.15 kwa mwaka Ibadan na 2.52 Indianapolis, matokeo yaliyochapishwa 2001. Na huko Ibadan uhusiano wa e4 na ugonjwa ulikuwa hafifu mno, ingawa e4 yenyewe si haba kwa watu wa hapo. Karatasi ya maabara iliyosomwa kwa hesabu za Wazungu inaweza kumnyima binti usingizi miaka 30 bila sababu.

Linaloniumiza zaidi ni jinsi tunavyowapima hawa akina mama. Wanawake, kwa wastani, huwashinda wanaume katika kukumbuka maneno, tangu ujana hadi uzeeni. Ni akiba nzuri, lakini huficha deni. Picha za ubongo zimeonyesha kwamba hipokampasi, sehemu inayohifadhi mambo mapya, inaweza kuwa imeanza kusinyaa na mwanamke bado akapata alama nzuri kwenye orodha ya maneno, wakati mwanamume mwenye msinyao kama wake ameshafeli. Msinyao ukizidi, ile tofauti hupotea, na mama hushuka kwa kasi.

Fikiria mama anayeuza omena soko la Kibuye. Namsomea maneno: sufuria, ndizi, mlango, ng’ombe, kisu. Papo hapo anayatungia kisa: ng’ombe ameingia mlangoni akala ndizi, sufuria ikaanguka, kisu kikapotea. Baada ya dakika 20 anayataja yote, anacheka. Fomu inasema yuko sawa. Binti yake, aliyekaa kimya muda wote, anasema: “Lakini daktari, siku hizi anarudisha chenji mara mbili. Mchango wa chama alilipa, akalipa tena, akagomba na mweka hazina. Na dawa ya presha anameza ile ya jioni asubuhi.” Hapo mimi namsikiliza binti kuliko fomu.

Kuna kosa la upande wa pili, na kwetu ni la kila siku. Wengi wa mama hawa waliachishwa shule mapema ili ndugu zao wa kiume wasome. Ukimpa kalamu umwambie achore saa, au umhesabishe kwa Kiingereza kurudi nyuma kwa saba-saba, atafeli akiwa mzima kabisa. Mwanamke mmoja huvutwa juu na maneno, huvutwa chini na kalamu, na jumla ya alama haisemi lolote la maana juu yake. Halafu anarudishwa kijijini na jibu “ni uzee tu”, na akianza kutangatanga usiku watu wanaanza kunong’ona habari za uchawi.

Kwa wenzangu wa kliniki: mlinganisheni mama na yeye mwenyewe wa mwaka jana, pimeni tena baada ya miezi 6 hadi 12, na msimpime kwa Kiswahili kama anaota kwa Dholuo au Kilogooli. Kabla ya kutaja Alzheimer, angalieni homoni za tezi ya shingo, vitamini B12, VVU, kaswende, masikio, na huzuni ya mjane ambayo hufanana sana na usahaulifu.

Kwa mabinti: njooni na mama mkiwa na dawa zote anazomeza, hata za mitishamba, na miwani yake. Aje pia yule anayeishi naye, hata kama ni mke wa mwana na si binti wa kuzaa, maana yeye ndiye anayejua nani alizima jiko. Na mkiwa hapo, nyosheni mikono niwapime presha nyinyi pia. Presha na sukari zisizotibiwa katika umri wenu huongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau, na hizo, tofauti na e4, dawa zake zipo hapa Kisumu.