Rangi ya Chini Ibaki Chini

Mwaka huu mteja huyu ni wa tatu kunijia na swali hili. Kaja na galoni ya rangi ya chini, ile nyekundu ya nje, ya sehemu ya boti inayokaa majini, mbio: "Fundi, imebaki, tena ghali. Piga na ndani ya kabini, si ni boti moja?"

Ni boti moja, lakini rangi ya chini ni sumu. Imetiwa shaba itoke kidogo kidogo, mwani na vidudu vya bahari visishike. Ukiiegemea, inabaki shatini. Wewe unataka kulaza watoto humo?

"Basi ile ya makopo mawili." Hapana tena. Hadina yake, kopo la pili la kuigandisha, ina isosianeti, kemikali inayodhuru mapafu, na kabini ina kidirisha kama sahani. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Siku hizi nazing'oa mbao za kabini, nazipaka rangi nje penye upepo. Zisipong'oka, sipaki.

Kinachonichosha zaidi ni imani iliyo nyuma ya maswali haya: eti adui wa kabini ni bahari. Bahari ikishaingia kabini, shida yako si rangi! Maji ya mle ndani mnayaleta wenyewe. Masika, watu wanne wamelala, kidirisha kimefungwa kwa mvua, birika la chai limechemka hapo hapo. Ubavu wa faiba unapoa usiku, pumzi zinaugusa, na alfajiri dari inatona. Hakuna rangi inayomaliza jasho hilo, hata ungelipa bei ya injini. Linazuiwa na hewa: toboa tundu mbele na jingine nyuma. Rangi kazi yake ni kukubali kufutwa uchafu kwa kitambaa. Ndiyo maana sitaki rangi ya maji ya nyumbani isiyong'aa, inashika ukungu, wala ile ya kung'aa kama kioo, inayoonyesha kila kosa la msasa. Rangi ya mafuta ya kung'aa nusu inatosha kabisa. Uwezo wa kuhimili jua unaoulipia kwenye rangi za sitaha, mle kwenye giza utahimili nini?

Ila giza lina kisa chake: rangi nyeupe ya mafuta hugeuka manjano makabatini. Mimi naanza na krimu, lawama zinapungua.

Matayarisho haraka haraka: osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, acha pakauke, pitisha kidole na ukilambe. Kikiwa na chumvi, osha tena, maana chumvi huvuta unyevu chini ya rangi na malengelenge yanafuata. Faiba ifute kwa tina kabla ya msasa, si baada, la sivyo unaisugulia nta iliyo juu yake ndani ya mikwaruzo. Msasa 120, kisha 220, praima ya kushikisha, undakoti ya katikati, kisha rangi yenyewe mikono miwili. Anza saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri weka brashi chini, umande usikukute.

Jambo moja bado linanisumbua: mgongo wa plaiwudi, ule upande wa nyuma usioonekana. Mzee aliyenifundisha aliuacha wazi upumue. Mimi naupaka, na kingo naziziba mara tatu. Nimeng'oa mbao zilizooza za kwake na za kwangu pia, kwa hiyo sibishani na mtu.

Galoni ya mteja iko kwangu. Bamvua lijalo, maji yakijaa sana, boti inapanda mchangani, na rangi hiyo nitaimalizia chini, kwenye mkuku, ule uti wa chini wa boti.