Pogoa Mianzi kwa Umri, Si kwa Urefu

Nikiitwa kutazama mianzi ya nyumbani iliyochoka, mara nyingi nakuta ncha zote zimekatwa usawa mmoja kama ua wa michongoma, huku katikati ya kichaka kumejaa mianzi mikavu ambayo hakuna aliyeigusa kwa miaka. Mwenye bustani ameshughulikia urefu, na tatizo lilikuwa umri.

Mwanzi ni jamii ya nyasi, si mti, na ukataji wake wote unaanzia hapo. Haunenepi mwaka hadi mwaka. Chipukizi linapotokeza juu ya udongo tayari lina unene litakaokaa nao maisha yake yote. Hurefuka kwa kasi, likafika kimo chake cha mwisho ndani ya miezi miwili au mitatu hivi, kisha basi. Baada ya hapo huweka matawi na majani, na ugumu wake hukomaa kwa miaka kama mitatu. Kwa aina nyingi, mwanzi mmoja hauvuki sana miaka kumi, lakini kichaka chenyewe huendelea kwa miongo kadhaa, kwa sababu kila msimu hutoa mianzi mipya kutoka kwenye mashina yake ya ardhini.

Kwa hiyo ukikata ncha, umeamua kimo cha mwanzi huo moja kwa moja. Hautakwenda juu tena, bali utazidisha majani kwenye mafundo yaliyobaki. Hilo linafaa kama unataka ukuta wa kijani wa kuziba macho ya barabarani. Ukikata chini kabisa, mwanzi huo umekwisha. Kisiki kinaweza kutoa vitawi vyembamba, ila hakitainua mwanzi mwingine. Tena usitazamie kwamba kufyeka kichaka chote kutakipa nguvu. Machipukizi hulishwa na akiba iliyotengenezwa na majani ya mianzi iliyotangulia, na ukiyaondoa majani yote, msimu unaofuata utapata vijiti vyembamba.

Cha kujifunza kwanza, basi, ni kusoma umri. Mwanzi wa mwaka wa kwanza una rangi iliyokolea, ngozi laini, na chini ya kila fundo kuna mduara wa unga mweupe unaofutika kwa kidole. Maganda yaliyofunika chipukizi mara nyingi bado yamening'inia kwenye mafundo ya chini. Mwaka wa pili unga umefifia na maganda yameanguka. Kuanzia mwaka wa tatu rangi hupauka, madoadoa ya kijivu na ukoga hujitokeza, hasa upande wenye kivuli. Tazama na matawi: mwanzi mzee una makovu mengi ya vitawi vilivyokwisha kuanguka. Kama macho yako bado hayajazoea, weka alama ya rangi kwenye kila mwanzi mpya unapomaliza kurefuka, kila mwaka rangi yake. Baada ya miaka minne hutabahatisha tena. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na sijaona njia nyingine ya uhakika kuishinda.

Unapokata, anza na iliyokufa, iliyovunjika na ile dhaifu, kisha ile iliyopita miaka minne au mitano. Usiondoe zaidi ya theluthi ya kichaka kwa mwaka mmoja. Mimi mwenyewe napenda kuishia robo. Kazi hii ifanyike kabla machipukizi hayajaanza kutoka, au baada ya mapya kukomaa. Yanapokuwa machanga hata kuyagusa kwa mguu huyavunja, na likivunjika ncha halirefuki tena.

Katika vichaka vinavyokua kwa mkusanyiko, kama vya jamii ya Bambusa na Dendrocalamus, mizee imejificha ndani na michanga iko pembeni. Wengi hukata ya pembeni kwa kuwa ndiyo inayofikika, na hapo wanaondoa vijana na kuacha wazee. Fungua njia upande mmoja, ule wenye machipukizi machache, uingie hadi katikati. Kichaka kikibaki na umbo la kiatu cha farasi, wazi upande mmoja, utaweza kuingia kila mwaka bila kuhangaika, na mwanga nao utaingia.

Mkato wenyewe uwe juu kidogo tu ya fundo, karibu na ardhi, na uwe bapa. Ukikata katikati ya pingili, yaani kati ya fundo na fundo, unaacha kikombe: maji ya mvua hutuama humo, mbu huzaliana, na uozo hushuka kuelekea shina la ardhini. Ukikata mshazari unaacha mkuki ambao mtoto anaweza kuukanyaga au kuuangukia. Tumia msumeno wenye meno madogo. Panga hupasua nyuzi na kuacha kisiki kilichochanika. Futa meno kwa spiriti ukihama kutoka kichaka kimoja kwenda kingine, na uvae glavu na miwani, kwani maganda ya aina nyingi yana vinyweleo vinavyowasha vibaya sana.

Aina zinazotambaa, kama Phyllostachys, zina kazi ya ziada chini ya ardhi. Kizuizi cha plastiki nene kizame sentimeta 60 hadi 75, kibakize kama 5 juu ya udongo, na ukingo wake wa juu uinamie nje kidogo ili shina linalotambaa ligonge na kupanda juu, pale utakapoliona na kulikata. Asiyetaka plastiki achimbe mtaro wa sentimeta 30 kuzunguka eneo na kuukagua mara mbili kwa mwaka. Ukipanda aina hii karibu na mpaka bila lolote kati ya hayo, unamkosea jirani.

Chakula ni jambo jepesi: mboji au samadi iliyooza, au mbolea yenye naitrojeni nyingi kabla ya msimu wa machipukizi. Majani yanayoanguka usiyafagie. Yamebeba silika, madini ya aina ya mchanga, ambayo mwanzi huitumia kujikaza, na yakiozea hapo chini huirudisha. Kuhusu maji, majani yakijikunja kwa urefu mchana, kichaka kina kiu. Mistari myeupe kwenye majani, pamoja na utando mwembamba upande wa chini, ni dalili ya utitiri. Punguza msongamano na upige maji ya nguvu chini ya majani, kisha urudie.

Kichaka kilichotelekezwa kisifyekwe kwa mkupuo. Kigawe katika miaka mitatu, mwaka wa kwanza mikavu peke yake.

Kuna hali moja isiyo na dawa, nayo ni kutoa maua. Baadhi ya aina huchanua baada ya miongo mingi. Melocanna baccifera huchukua takriban miaka 48, na Phyllostachys bambusoides takriban 120. Nyingi hufa baadaye, hata ukipogoa vipi. Ukiona maua kichaka kizima, kusanya mbegu na uzipande upesi, maana nyingi hupoteza uwezo wa kuota ndani ya miezi michache.