Kipanga asiyeshika namba moja

Mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari Magamba, mkoani Tanga. Yeye na wenzake walizoea kutengeneza aiskrimu shuleni: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friza. Siku moja aliona nafasi inakwisha, akaingiza ya kwake ingali moto. Baada ya kama saa moja na nusu yake ilikuwa imeganda, wakati ya mwenzake aliyeiweka baridi ilikuwa bado uji mzito. Alimuuliza mwalimu wa fizikia sababu. Akaambiwa amechanganya mambo. Miaka michache baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza tena mwalimu, akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo ya ulimwengu. Wenzake wakaugeuza utani.

Mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne, alipotembelea shule, kijana aliuliza swali lilelile mbele ya wote, huku akichekwa. Osborne alirudi Dar, akalijaribu maabara, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Hadi leo wanafizikia duniani wanabishana juu ya "athari ya Mpemba", yaani cha moto kuganda kabla ya cha baridi.

Nafundisha saikolojia ya elimu katika chuo cha ualimu, na kisa hiki hukisimulia mapema kabisa muhula unapoanza, kwa kuwa kinagusa kosa tunalolifanya kwa nia njema. Tukisikia "mwanafunzi mwenye kipaji" tunamfikiria anayeshika namba moja, mwenye daftari safi na mkono ulio juu kila mara. Huyo anastahili pongezi zake. Lakini namba moja inatuambia jinsi mtoto alivyolipokea lililofundishwa. Kipaji huonekana zaidi pale mtoto anapofika mahali ambapo hakupelekwa na mtu.

Tunazo shule za vipaji maalumu: Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Tabora kwa wavulana, Kilakala, Msalato na Tabora kwa wasichana. Mlango wake kwa muda mrefu umekuwa mtihani wa darasa la saba. Zimeinua watoto wengi wa wakulima na sizibezi hata kidogo. Ila mtihani ambao sehemu yake kubwa ni kuchagua jibu lililokwisha kuandikwa hauwezi kumsikia mtoto mwenye swali lake mwenyewe. Wengi wa waliobaki huenda sekondari za kata, ambako ghafla karibu kila somo ni kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa akijieleza kwa Kiswahili hadi darasa zima linatulia, anakaa kimya miezi sita. Nasi tunasema kichwa chake kizito.

Hata kabla ya hapo, watoto hawa huwa wamepewa majina: mtundu, mbishi, mvivu. Anamaliza zoezi mapema kisha anasumbua jirani. Anaandika jibu bila hatua kwa sababu hatua zote amezifanya kichwani, anakatwa alama, anashukiwa kuibia. Alama zake zinapanda na kushuka kulingana na somo linalomvutia. Yupo mwingine anayesoma kwa shida, herufi zinamchanganya, lakini mwache aeleze kwa mdomo utashangaa. Na kwa msichana mambo ni magumu zaidi. Kabla ya shule ameshateka maji, akirudi anapika na kulea wadogo zake, na tangu utotoni amefundishwa kwamba kuulizauliza ni kiherehere. Kipaji chake huwa kimya, na darasa la watoto tisini halina muda wa kumtafuta aliye kimya.

Jicho la mwalimu, hata awe mzuri vipi, halitoshi. Huko Broward, jimbo la Florida, Marekani, mtoto alikuwa akipimwa kipaji baada ya kupendekezwa na mwalimu au mzazi. Mwaka 2005 wakaamua kumpima kila mtoto wa darasa la pili. Waliobainika kutoka familia maskini, za watu weusi na za wenye asili ya Amerika ya Kilatini wakaongezeka sana. Walikuwepo siku zote, hakuna aliyewataja.

Kupima kila mtoto kwa vipimo vile ni gharama, lakini kuuliza darasa zima swali moja zuri ni bure. Jaribu hili darasa la tano: tafuta namba tatu zinazofuatana ambazo jumla yake ni 72. Wengi watabahatisha hadi wapate 23, 24 na 25. Kisha uliza: je, naweza kutaja jumla yoyote nikaipata hivyo? Wape siku mbili. Huenda mtoto aliyeshika namba ya thelathini akaja kukwambia 73 haiwezekani, kwa sababu namba ya katikati lazima iwe theluthi ya jumla. Andika jina lake daftarini. Fanya hivyo kila mwezi, katika sayansi na katika kutunga hadithi pia, kwa mdomo na kwa Kiswahili, na mwisho wa mwaka utakuwa na majina ambayo orodha ya matokeo haikuyaona.

Ukishampata, usimwongezee hesabu ishirini za aina ileile, wala usimgeuze mwalimu msaidizi kila siku. Akipata tano ngumu, msamehe zilizobaki, mpe tatizo refu la wiki nzima. Mruhusu ahudhurie somo moja darasa la juu. Kumrusha darasa zima kunafaa kwa baadhi, baada ya kukaa na mzazi na mtoto mwenyewe. Na asipewe jibu la haraka pale mwalimu hajui: Osborne alikiri kwamba alidhani Mpemba amekosea, lakini alimwahidi kwamba atakwenda kujaribu.

Linaloniuma ni hili. Mtoto akipiga chenga vizuri, UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, inamwona kutoka shule hadi kata, wilaya, mkoa na taifa. Anayefikiri vizuri hana ngazi kama hizo. MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yaliyoanza 2019, yamewafungulia wabunifu mlango hata wa shule za msingi, lakini mtoto wa kijijini ataufikia tu iwapo kuna mtu wa kumpeleka. Maofisa elimu kata wangeweza kukusanya yale majina ya madaftarini kila muhula, kwa karatasi moja tu.

Mzazi nawe, ukienda kwa mwalimu wa darasa usiseme tu kwamba mwanao ana akili. Kila mzazi husema hivyo. Peleka mfano: redio aliyoifungua akaijenga upya, ramani ya kijiji aliyoichora bila kuambiwa, swali alilouliza juzi usiku ukakosa la kumjibu. Liandike swali hilo neno kwa neno, alivyolisema yeye.